Shajara ya mradi: kurekodi skrini mpaka herufi isomeke kwenye simu

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Mradi ni masomo mafupi ya video ya LibreOffice Calc, kuanzia lahajedwali tupu mpaka jedwali la pivoti, lile linalojumlisha data kwa makundi. Somo moja, jambo moja. Mtazamaji hana shida na sura yangu, kwa hiyo kamera haimo kabisa. Anakuja kuona kilichoandikwa ndani ya seli, kilichobofywa, na kilichobadilika baada ya kubofya. Kimoja kikikosa kuonekana, somo limekufa hata maelezo yawe matamu namna gani.

Chombo cha kurekodia hakikunisumbua kichwa. Windows ina Game Bar, ingawa hiyo hurekodi programu moja tu wala haichukui eneo-kazi zima. Windows 11 imeongezewa kurekodi ndani ya Snipping Tool. Mac, tangu toleo la Mojave la 2018, ina Shift+Command+5. GNOME ya Linux ina Ctrl+Shift+Alt+R. Zote zinatoa video. Nimechukua OBS Studio kwa sababu ni programu huria, inakwenda kwenye mifumo yote mitatu, na inanionyesha kila mahali picha inapopita kabla ya kuwa faili. Huko ndiko ninakotaka kuchungulia.

Maana video ya skrini ina safari ndefu. Herufi inachorwa na kompyuta, inanyakuliwa na programu ya kurekodi, inabanwa, inaingizwa kwenye programu ya kuhariri, inabanwa tena, inapakiwa, tovuti nayo inaibana kwa mara yake, ndipo inafika kwenye kioo cha simu ya mtu. Kila kituo kinaweza kuipunguzia kitu, na hakuna kituo kinachoweza kuirudishia kilichopotea nyuma. Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja la mradi mzima: herufi ikishachorwa kwenye skrini, isibadilishwe ukubwa tena mpaka itoke mikononi mwangu. Mipangilio yote nitaipima kwa sharti hilo.

Jumanne

Leo ni hesabu ya milimita.

Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi. Simu ikilazwa, picha inapata upana wa sentimita 14 au karibu na hapo. Ina maana kila kitu kinapungua karibu mara 3.8. Namba yenye kimo cha milimita 3 mezani kwangu inafika kwa mtazamaji ikiwa na milimita 0.8. Hapo hata video iwe safi kama nini, jicho ndilo litakaloshindwa.

Nilirekodi makusudi jedwali la mapato na matumizi bila kugusa mpangilio wowote, nikamtumia shangazi, ambaye kila kitu anakitazama kwenye simu na hana subira na mambo ya kukisia.

"Shikamoo shangazi. Umeiona?"

"Marahaba. Nimeiona, mwanangu. Ile namba ya tatu kutoka juu ni tatu au nane?"

Ilikuwa sita.

Sasa, njia za kukuza maandishi ziko kadhaa na hazilingani. Ya kwanza ni kuishusha skrini yenyewe mpaka pikseli (nukta zinazounda picha) 1280 kwa 720. Maandishi yanakuwa makubwa, lakini video inakuwa ndogo, na tovuti za video huipa video ndogo biti chache zaidi. Ya pili ni kurekodi kama kawaida halafu kukuza wakati wa kuhariri. Hiyo ni kuvuta pikseli zilizokwisha kuchorwa, na sharti langu linavunjwa pale pale. Ya tatu ndiyo niliyoichukua: kuacha skrini kwenye 1920 kwa 1080 na kupandisha kiwango cha ukuzaji cha mfumo, kwenye mipangilio ya onyesho, kutoka asilimia 100 mpaka 150. Hapo mfumo unaichora kila herufi upya kwa ukubwa mpya, kwa pikseli nyingi zaidi. Madirisha yanajipanga kana kwamba skrini ni 1280 kwa 720, lakini pikseli zote za 1920 kwa 1080 zinafanya kazi. Mwenye skrini ya 2560 kwa 1440 anapata mpangilio ule ule kwa asilimia 200, na mwenye 3840 kwa 2160 kwa asilimia 300.

Ndani ya Calc nimepandisha ukuzaji wa lahajedwali mpaka asilimia 140, nimefunga utepe wa pembeni, na kwenye menyu ya View nimechagua mwonekano wa upau mmoja wa zana. Aikoni ambazo sitazigusa katika somo hazina kazi kwenye picha.

Kuna wenye laptopu za pikseli 1366 kwa 768, na hizo bado ni nyingi. Kishawishi ni kuivuta video ifike 1920 kwa 1080. Ukigawanya unapata 1.4 na ushee, na pikseli moja haiwezi kuwa pikseli moja na nusu kasoro. Programu inalazimika kukisia rangi ya katikati, na kukisia huko ndiko kunakoleta ukungu kwenye kingo za herufi. Afadhali kuweka dirisha la kazi ndani ya eneo la 1280 kwa 720, kurekodi eneo hilo peke yake, kisha kulikuza mara mbili kamili mpaka 2560 kwa 1440. Kwenye OBS unabofya kulia juu ya chanzo, yaani picha inayorekodiwa, unaenda kwenye uchujaji wa ukubwa, unachagua Point. Kila pikseli inageuka pikseli nne zinazofanana, na kingo zinabaki kali. Huu ndio ukuzaji pekee ninaouruhusu baada ya herufi kuchorwa, kwa sababu hauhitaji kukisia kitu.

Jumatano

Mipangilio ya OBS. Sehemu kubwa yake haina hadithi.

Kwenye ukurasa wa Video kuna ukubwa wa turubai na ukubwa wa video inayotoka. Vyote viwili nimeviweka 1920 kwa 1080. Vikitofautiana, OBS inapunguza picha kwa kichujio, na majina ya vichujio yako hapo chini: Bilinear, Area, Bicubic, Lanczos. Lanczos ndicho kikali zaidi kati ya hivyo, ila usipopunguza picha hukihitaji. Jambo la kuangalia ni mstari mwekundu unaozunguka chanzo kwenye onyesho: ukiwa haukugusa kingo zote nne za turubai, au umepita nje, chanzo kimevutwa. Bofya kulia, rudisha mageuzi yote kwenye hali ya mwanzo, kisha kifunge kwa alama ya kufuli ili mkono usikisogeze kwa bahati mbaya.

Fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 30 kwa sekunde zinatosha. Lahajedwali halina mpira wa kufukuza. Ukipanda mpaka 60 unaongeza fremu za kubana, na katika somo la aina hii mtu haoni tofauti isipokuwa kishale kinateleza laini kidogo.

Kwenye ubanaji ndipo nilipokaa. Watu wengi huweka kasi ya biti isiyobadilika, kwa mfano kilobiti 2,500 kwa sekunde. Skrini ya somo hukaa kimya muda mrefu, halafu ghafla unateremsha lahajedwali na kila pikseli inahama kwa mara moja. Wakati wa ukimya biti zinapotea bure, na wakati wa kuteremsha hazitoshi: picha inavurugika na namba zinageuka tope, kisha zinajisafisha taratibu baada ya kutulia. Mtazamaji anakutana na tope hilo pale pale anapotafuta ulikoenda. Dawa ni kuiambia kodeki, yaani programu inayobana video, ishike ubora na kuacha kasi ya biti ipande na kushuka itakavyo. Kwenye x264, kodeki ninayoitumia, mpangilio huo unaitwa CRF. Namba ndogo ni ubora mkubwa. 23 ndiyo ya kawaida ya x264, 18 wengi hawaitofautishi na picha ya asili kwa macho, na ukishuka hatua 6 faili hukaribia kuwa mara mbili. Nimeweka 16 kwa kurekodia, maana hiyo ni malighafi na bado itabanwa mara nyingine.

Faili natunza kwa MKV. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, OBS inapofunga faili. Umeme ukikatika katikati, unabaki na faili kubwa lisilofunguka. MKV hufunguka mpaka pale ilipokatikia. Nilijaribu kwa kuiua OBS katikati ya kurekodi kwa kutumia meneja wa kazi: MKV ilicheza mpaka karibu na sekunde ya kifo, MP4 haikufunguka kabisa. Toleo la 30.2 la OBS, la 2024, lilileta MP4 mseto ambayo nayo huvumilia kukatika, kwa hiyo mwenye toleo jipya anaweza kuchagua. Mimi nimebaki na MKV. Kuigeuza kuwa MP4 bila kubana upya ni kazi ya sekunde chache, ipo kwenye menyu ya File ya OBS yenyewe.

Alhamisi

Rangi. Niliidhani kazi ya nusu saa, imekula siku.

Calc inaruhusu namba hasi zijiandike zenyewe kwa nyekundu; msimbo wa umbizo ni `#,##0;[RED]-#,##0`. Somo la maumbizo haliwezi kuliruka jambo hilo. Kwenye jedwali la mfano nilikuwa na mstari wa jumla wenye usuli wa kijivu kizito, na juu yake hasara kwa nyekundu. Kwenye skrini inasomeka vizuri kabisa. Kwenye video, matundu ya nane yamezibika na alama ya kutoa imekuwa doa.

Sababu iko ndani ya ubanaji wenyewe. H.264, kiwango kilichotoka 2003 na ambacho bado ndicho kinachochezwa kila mahali, kwa kawaida hutumika katika mpango unaoitwa 4:2:0. Mwangaza wa kila pikseli unahifadhiwa, lakini rangi inahifadhiwa mara moja tu kwa kila kundi la pikseli nne, mbili kwa mbili. Jicho la binadamu ni kali kwa mwangaza na zembe kwa rangi, kwa hiyo kwenye filamu ya watu na miti hakuna anayelalamika. Herufi ni jambo jingine. Mstari wake una upana wa pikseli moja au mbili.

Halafu ikaja hesabu iliyonifurahisha. Katika kiwango cha rangi cha BT.709, mwangaza unakokotolewa kwa kuchukua sehemu 0.2126 ya nyekundu, 0.7152 ya kijani na 0.0722 ya bluu. Nyekundu kamili, yaani 255, inatoa mwangaza wa 54. Basi nikatengeneza usuli wa kijivu chenye 54 kwa nyekundu, 54 kwa kijani na 54 kwa bluu, nikaandika juu yake -4,850 kwa nyekundu kamili. Kwa macho ya kodeki, upande wa mwangaza, hapo hakuna kilichoandikwa. Namba nzima inategemea rangi, na rangi imepunguzwa mpaka robo. Nikarekodi, nikakuza fremu moja: tano na nane zimegeuka mabonge mawili yanayofanana, na wekundu umemwagika nje ya kingo kama wino kwenye karatasi laini.

OBS ina njia ya kuhifadhi rangi yote. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya juu unabadilisha umbizo la rangi kutoka NV12, ambalo ni 4:2:0, kwenda I444, na namba ile ile inatoka kali kabisa. Nilirekodi, nikailinganisha, ikapendeza. Kisha nikairudisha NV12. Video ya H.264 ya 4:4:4, yaani yenye rangi ya kila pikseli, inagoma kwenye simu nyingi kwa sababu chipu zake za kufumbua video hazikutengenezwa kwa mpango huo, na tovuti za video zitaishusha mpaka 4:2:0 zenyewe hata ukiwapelekea dhahabu. Mtu anayerekodi kwa matumizi yake kwenye kompyuta anaweza kubaki na I444. Kwa masomo haya, kinachobadilika ni jedwali.

Kwa hiyo usuli wa mstari wa jumla sasa ni mweupe wenye mpaka mnene, na nyekundu imeshushwa mpaka ile iliyoiva zaidi, #C00000. Mwangaza wake ni kama 41 dhidi ya 255 ya nyeupe. Hata rangi ikipotea yote, umbo la namba linabaki. Bluu juu ya nyeusi ni mbaya kuliko nyekundu, kwani bluu kamili ina mwangaza wa 18 tu, na hao wanaorekodi dirisha la amri lenye usuli mweusi na majina ya folda kwa bluu wanajua ninachosema.

Kipimo ninachokitumia sasa kabla ya kila somo: napiga picha ya skrini, naifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, naiondoa rangi. Kinachopotea hapo kitapotea kwenye video. Miongozo ya ufikivu ya WCAG inataka uwiano wa utofauti usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na nimeona jedwali likifikia uwiano huo, ubanaji nao haulisumbui.

Upeo wa rangi (Color Range) nimeuacha kwenye ule finyu (Limited). Ule kamili unavutia kwa jina, lakini vichezaji havikubaliani jinsi ya kuusoma, na matokeo yake ni nyeusi iliyozama au picha iliyopauka.

Ijumaa

Nyongeza fupi ya jana. Hata herufi nyeusi juu ya nyeupe zilikuwa na utando wa rangi pembeni, rangi ya machungwa upande mmoja na ya samawati upande wa pili. Ni ClearType ya Windows: inatumia vijipande vya nyekundu, kijani na bluu ndani ya kila pikseli kulainisha kingo. Kwenye skrini halisi ni ufundi mzuri. Ikirekodiwa, ni rangi nyembamba ambayo 4:2:0 inaipakaza. Nimeizima kwa akaunti ya kurekodia. Kwenye GNOME unachagua ulainishaji wa kijivu kwenye Tweaks, na Mac waliiacha njia hiyo tangu Mojave, kwa hiyo huko hakuna cha kuzima.

Jumamosi

Akaunti ya kurekodia nimeitaja jana kwa kupita, inastahili maelezo. Ni akaunti ya pili ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo, yenye jina la jumla, isiyo na barua pepe, isiyo na programu za ujumbe, kivinjari hakina historia. Arifa zimezimwa. Ukuta wa skrini ni kijivu kitupu.

Wengi hukumbuka arifa na nenosiri, kisha wanavuja kwa milango midogo. LibreOffice inapofunguka inaonyesha vijipicha vya nyaraka za karibuni, na kijipicha cha mshahara wa mtu kinasomeka kabisa ukisimamisha video. Dirisha la kuhifadhi faili linaonyesha njia yote ya folda pamoja na jina la akaunti. Sifa za hati zinabeba jina la aliyeitengeneza. Kwenye akaunti mpya vyote hivyo ni vitupu au ni vya mfano. Majina yote ndani ya majedwali ni ya kubuni, na namba za simu hazimo kabisa.

Wiki ya pili, Jumatatu

Sauti. Nimeamua kutenganisha: kwanza picha, kisha sauti. Kuna wanaopenda kusema huku wanabofya, na wenye kipaji hicho wanapendeza kuwasikiliza. Kwangu mdomo na mkono vinashindana, na mkono ndio unaoshindwa. Naandika maneno yote, narekodi vitendo huku nikiyasoma kimoyomoyo, halafu naketi na maikrofoni.

Audacity, programu ya kurekodi sauti, hezi 48,000 kwa sababu hicho ndicho kiwango cha video na hakuna haja ya kugeuza baadaye. Maikrofoni shibiri moja kutoka mdomoni, imekaa pembeni kidogo ili pumzi ya P na B isiipige moja kwa moja. Vilele vya sauti visipite desibeli 6 chini ya sifuri. Mwanzoni nanyamaza sekunde chache, na ukimya huo ndio ninaoupa Audacity kama sampuli ya kelele ya kuondoa. Ukiondoa kidogo ni nafuu, ukizidisha sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mwangwi wa chumba hauondoki kwa programu. Chumba chenye mapazia, godoro na nguo kinashinda chumba kizuri chenye vigae, na hapo maikrofoni ya bei haikusaidii.

Mwisho nasawazisha ukubwa wa sauti kwenye LUFS 14 chini ya sifuri, kiwango ambacho tovuti kadhaa za video hukilenga, ili mtu asilazimike kupandisha na kushusha kati ya somo na somo.

Jumatano

Kishale, na somo la alama ya dola.

Fomula ikinakiliwa kwenda chini, marejeleo yanahama nayo. Kuyafunga unaweka dola, na Calc ina kitufe cha F4 kinachozungusha: `B2` inakuwa `$B$2`, kisha `B$2`, kisha `$B2`, kisha inarudi `B2`. Ni somo la dakika tatu na ndilo gumu kuliko yote kurekodi, kwa sababu kinachobadilika ni alama mbili ndogo, na kilichozibadilisha ni kitufe ambacho mtazamaji hakioni.

Rekodi ya majaribio nilimpa kijana mmoja anayejifunza. Akaisimamisha: "Kaka, hapo umefanya nini? Dola imekuja yenyewe."

Kwa hiyo vitufe lazima vionekane. KeyCastr kwa Mac, Carnac kwa Windows, Screenkey kwa Linux inayotumia X11. Zote huandika kwenye skrini kitufe ulichobonyeza. Zinaweza kuandika kila kitu, hata nenosiri, ndiyo maana naiwasha baada ya kuingia kwenye akaunti na kamwe sio kabla. Nimeiweka juu kulia na nimeiambia ionyeshe njia za mkato peke yake, maana ikiandika kila herufi ninayochapa inageuka kelele ya macho.

Alama za dola zenyewe zilidai nafasi. Fomula inaonekana mahali pawili, ndani ya seli na kwenye upau wa fomula juu. Nimechagua kuhariri ndani ya seli kwa F2, kwa sababu ukuzaji wa asilimia 140 unagusa seli na hauugusi upau wa fomula. Kwa klipu hii peke yake nikapanda mpaka 200. Seli chache zinaonekana, na chache ndizo zinazohitajika.

Kishale nimekiongeza ukubwa kwenye mipangilio ya ufikivu ya mfumo. Duara la njano linalomfuata kishale kila aendako nimelijaribu na kulifuta. Linafunika neno lile lile ninalolionyesha. Kinachosaidia zaidi ya duara ni mwendo wa mkono. Nafika kwenye kitufe, nasimama, nataja jina lake, ndipo nabofya. Baada ya kubofya nasimama tena mpaka matokeo yatulie. Na mkono usichezecheze. Kishale kinachozunguka bila sababu kinamfanya mtu atafute maana ambayo haipo.

Alhamisi

Sehemu ya chini ya skrini si yangu.

Calc imeweka vitu muhimu chini kabisa: vichupo vya lahajedwali, na upau wa hali unaoonyesha jumla ya seli ulizochagua. Manukuu nayo yanakaa chini. Na mtazamaji anaposimamisha video ili asome vizuri, kichezaji kinaleta vitufe vyake, vyote chini. Yaani dakika anayojitahidi kuona ndiyo dakika anayofunikwa.

Nimelifupisha dirisha la Calc lisifike chini. Kuna ukanda wa pikseli 120 uliobaki mtupu, rangi ya kijivu ya ukuta. Upau wa kazi wa mfumo unajificha wenyewe. Nimepoteza mistari michache ya lahajedwali na sijutii.

Manukuu yenyewe naandika kwa faili la SRT, muda ukiandikwa hivi: `00:00:04,000 --> 00:00:07,500`. Tovuti zinazotaka WebVTT zinataka nukta mahali pa mkato kabla ya milisekunde, na mstari wa kwanza uwe neno WEBVTT. Kwa kuwa maneno nilikwisha kuyaandika kabla ya kurekodi, kazi iliyobaki ni kupanga muda.

Ijumaa

Kuhariri kwa Kdenlive. Mradi lazima uwe 1920 kwa 1080 na fremu 30 tangu mwanzo; ukiwa na vipimo tofauti na vya klipu ya kwanza ya 1920 kwa 1080, Kdenlive inauliza kama ibadilishe wasifu wa mradi, na jibu ni ndiyo. Nakata ukimya mrefu na kusubiri dirisha lifunguke. Mipito ya mbwembwe sina. Klipu mbili zikikutana na skrini iko vile vile, mkato mtupu hauonekani hata kidogo.

Kwenye somo moja nilitaka kusogeza macho kwenye seli mbili, yaani kukuza picha kweli. Klipu hiyo niliirekodi kwenye skrini ya 2560 kwa 1440 yenye ukuzaji wa mfumo wa asilimia 200. Ukiikata kipande cha 1920 kwa 1080 ndani yake, unapata ukuzaji wa mara 1.33 na kila pikseli ni ile ile iliyochorwa. Zaidi ya hapo unaanza kuvuta. Sehemu ya klipu inayoonyesha skrini nzima inapunguzwa kwa Lanczos, na kupunguza kunavumilika kuliko kukuza.

Faili la mwisho linapita FFmpeg, programu ya kubana video kwa amri:

`ffmpeg -i somo.mkv -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p -g 60 -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart somo.mp4`

Kile `-g 60` kinaweka fremu kamili angalau kila baada ya sekunde mbili. Watu hawatazami masomo mfululizo, wanarudi nyuma sekunde tano, wanarudi tena, na kichezaji kinaruka haraka zaidi kikipata fremu kamili karibu. `+faststart` inahamisha faharasa ya MP4 kwenda mwanzoni ili video ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote. YouTube inashauri megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 ya fremu 30, na 16 kwa 1440. Video yangu ya lahajedwali iko chini ya hapo kwa sababu skrini imetulia, na kuijaza biti ili ifikie namba hiyo hakuongezi kitu.

Wiki ya tatu, Jumanne

Shangazi amezipata zile za mwanzo. Namba anazisoma. Lalamiko lake sasa ni kwamba naongea haraka kwenye somo la kupanga data, na yuko sahihi. Nimerekodi upya sauti ya somo hilo, picha haikuguswa.

Limebaki jedwali la pivoti, na ndilo linalogombana na kila nilichokwisha kuamua. Dirisha lake la mpangilio lina sehemu za vichujio, safu wima, safu mlalo na data, pamoja na orodha ya vichwa vya kuburuta. Kwenye ukuzaji wa asilimia 150 linafunika karibu lahajedwali lote, na mtazamaji haoni tena data inayotoka wapi. Nimepima asilimia 125: mpangilio unakuwa kama wa 1536 kwa 864, dirisha linakaa upande wa kulia na vichwa vya safu vinabaki wazi upande wa kushoto. Maandishi ya dirisha yanapungua, ila majina ya kuburuta ni machache na nitayataja yote kwa sauti.

Kwa hiyo somo hilo litarekodiwa kwa vipande viwili. Kuburuta kutakuwa kwenye 125, vichwa vya jedwali la mfano vikifupishwa mpaka neno moja moja: Mwezi, Bidhaa, Kiasi. Matokeo yatarekodiwa upya kwenye 150 kwenye lahajedwali jipya, na vipande vitaungwa kwa mkato pale dirisha linapofungwa. Faili la mfano liko tayari, picha ya skrini nimeshaiondoa rangi na hakuna kilichopotea. Kurekodi ni kesho asubuhi, kabla majirani hawajaanza kelele.